Neno Alilolikwepa Mama Mkubwa

Mama mkubwa, dada yake mama, alicheka nilipompaka jeli chini ya kidevu. "Mwanangu, altrasaundi si ya wajawazito? Unatafuta mtoto kooni mwangu?" Nikamwambia natafuta ulimi. Nilikuwa nimetoka chuoni na mashine ndogo, nimekuja Ikinga kupiga picha za ulimi wa watu wanapozungumza Kindali. Kwenye kioo mstari mweupe ulipanda na kushuka, naye akaushangaa: "Kumbe ndiye huyu mchokozi!"

Tulikwenda vizuri na orodha yangu ya maneno hadi tulipofika kwenye neno la kinu. Nilimwonyesha picha ya kinu, akakiita kwa jina jingine. Nikarudia, naye akarudia lilelile. Nilijua sababu, na hapo ndipo penye aibu yangu. Neno letu la kinu linakaribiana na jina la baba mkwe wake, na kwetu mke hatamki jina la mkwe wala linalofanana nalo. Mzee amelala nyuma ya nyumba, migombani, miaka mingi sasa. Mama mkubwa hakuwa amelitamka tangu aolewe, hata akiwa peke yake shambani.

Lakini orodha yangu ilikuwa na pengo, nami mapengo hunikera. "Mara moja tu, mama mkubwa. Mzee hasikii. Nisipolipata, kazi yangu itakwama." Huo ulikuwa uongo. Kazi ingekwenda tu.

Alitazama dirishani, upande wa migomba. Kwenye kioo niliuona ulimi wake ukiinuka, ukasita, ukashuka. Ukainuka tena. Kisha akalitamka kwa sauti ndogo, na chozi likadondokea mkono wangu ulioshika mashine.

"Haya, umeshaliona," alisema, akijipangusa jeli kwa kanga. "Sasa futa."

"Nimefuta," nikamjibu.

Sikufuta. Picha ile ndiyo nzuri kuliko zote nilizopiga. Wenzangu chuoni husifia jinsi ulimi unavyosita, na kila wakiisifia najiona mwizi. Hata hivyo naionyesha.

Juzi nilikwenda kumsalimia. Nilimkuta migombani, amesimama mbali kidogo na kaburi, kama mkwe anavyopaswa.

"Afadhali umekuja," alisema. "Mimi siwezi kuongea naye. Msogelee wewe, mjukuu wake, umwambie ulifuta, asije akanikasirikia."

Nilisogea, nikachuchumaa kando ya kaburi. Mama mkubwa alikuwa anasikiliza. Nikamwambia mzee nimefuta.