Korongo wa Saiwa na Mama Asiyeona

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nilitoka nyumbani kwenda kutazama ndege tu, basi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimetoka kwetu Sirisia kuja Kitale, karani mpya wa shule, na mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Jioni nilisonga ugali wa mtu mmoja nikala nimesimama. Majirani wakinisalimu, niliitikia huku nafunga mlango. Nilidhani hiyo ni heshima. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nikificha upweke kama kidonda. Nikaamua mwisho wa mwezi niache kazi, nirudi nyumbani. Nyumbani kwa nani, sikujiuliza.

Mama alizoea kunisimulia juu ya korongo wenye taji waliojaa bondeni kwetu alipokuwa msichana. Bonde likakaushwa, likalimwa mahindi, ndege wakaisha. Mimi sikuwahi kuwaona. Niliposikia kwamba wachache wamebaki katika kinamasi cha Saiwa, nikaenda peke yangu, niwaone kabla sijaondoka.

Juu ya jukwaa la mbao nilimkuta mama mzee mwenye koti zito, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Nilipita bila kumsalimu. Nikaketi pembeni, nikatazama ukungu ukipanda kutoka kwenye mafunjo.

"Wewe uliyepanda," akasema bila kugeuka, "kwani uko bubu? Hata salamu? Macho yangu ilikufa, lakini maskio iko."

Haya ilinishika. "Nisamehe, mama. Habari ya asubuhi?"

"Sasa hapo umeongea."

Aliitwa Mama Wambui, mkulima aliyekuja na mumewe kutoka Nyeri wakanunua shamba karibu na Kitale. Macho yake yalipofifia, mumewe alimleta hapa kila mara, akamweleza ndege wanafanya nini. Mume naye akafa. Sasa jirani humpandisha jukwaani akielekea sokoni, naye husikiliza tu.

Mara korongo wakalia. Akanikamata mkono. "Ndio hao! Si uniambie?"

Mwanangu, kwa wiki nyingi sikuwa nimemwambia mtu maneno zaidi ya matatu. Nilianza kwa kigugumizi: wako wawili, mabawa meupe, vichwani taji la dhahabu.

"Wanafanya nini?"

"Wanainamiana. Mmoja ameruka. Na mwenzake."

"Iko mtoto?"

Nikatazama sana. Nyasi zikatikisika, na kifaranga cha rangi ya udongo kikatokeza shingo.

"Iko! Mama, mtoto iko!"

Machozi yakamtoka, nami nikalia, nikimlilia mama yangu ambaye sikumlilia hata siku ya mazishi. Mama Wambui aliniacha nilie mpaka nikatosheka, nikamweleza upweke wangu, kisha akapapasa chupa yake ya chai, akanimiminia.

"Watu ya Kitale si wabaya," akasema. "Watakujuaje, na hufungui mdomo?"

Sikuacha kazi. Tulirudi pale pamoja mara nyingi, mimi nikiwa macho yake. Kisha yakaja machafuko ya baada ya uchaguzi, waliotoka mikoa mingine wakatishwa, jamaa zake wakahama naye usiku mmoja. Nilipofika shambani kwao nilikuta mlango wazi na kuku wawili uani. Nilimuulizia hadi nikachoka. Kwa umri wake lazima amekwisha kufa, lakini sijui alikozikwa. Hadi leo nikiwaona korongo hujikuta naeleza kwa sauti wanavyofanya, na hakuna anayeniuliza kama kuna mtoto.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukifika huko ugenini unakokwenda, tangulia wewe kusalimu. Usikae ukingoja kupendwa kama mtu angojaye mvua. Ukimkuta mtu ameketi peke yake, usidhani amekipenda kimya. Na moyo wako ukilemewa, sema, maana jirani hana dawa ya ugonjwa usiotajwa. Watu huondoka, hilo siwezi kukuficha, lakini heri umlilie uliyemjua kuliko kuishi bila kumjua mtu.

Nenda salama. Mungu akupe mlango usiokosa wa kuubisha, na siku utakapoita, awepo wa kuitika.