Maua ya Kwenye Kifusi

Fundi muashi huyu mtaa mzima ulimwita Pimamaji, jina la kile kifaa cha kupimia unyoofu wa ukuta, kwa sababu hakuweza kupita penye kitu kilichopinda akanyamaza. Picha ikikaa upande ukutani kwa jirani, atainuka ainyooshe, hata kama amekuja kutoa pole. Basi mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye aliyeamua kupanda maua ya porini nyumbani kwake.

Alikuwa na sababu. Mkewe alianguka bafuni akavunjika nyonga. Mfupa uliunga vizuri, lakini woga ulibaki. Kila akiambiwa ajaribu kusimama, mama wa watu alishika kingo za kiti, jasho likimtoka, akasema kesho. Fremu ya kutembelea waliyopewa hospitalini ikageuka ya kuanikia taulo. Daktari hakuwaficha: asipoanza kutembea sasa, miguu itadhoofika na huenda asitembee tena. Tangu asikie hilo, Pimamaji chakula hakikumshuka sawasawa.

Siku moja mama, kitini pake dirishani, akasema kinachomsikitisha zaidi ni kwamba mwaka huu hatayaona maua yake. Maua gani tena? Yale madogo ya buluu yanayoota kwenye uwanda wa nyasi nyuma ya kiwanda cha matofali. Ndiko walikokutana enzi hizo, yeye akiwapikia mafundi, na kila alipoleta chakula alikuwa amechomeka ua moja kwenye kilemba. Tangu wakati huo hakuna msimu uliopita asiende kuyatazama. Pimamaji aliinuka pale pale. Alitwaa toroli akaondoka.

Alirudi na miche, pamoja na vichwa vilivyokauka vya maua ya msimu uliopita, vimejaa mbegu. Hapo ndipo ufundi ulipomponza. Alichukua chekeche lake la mchanga wa lipu, akachekecha udongo na vile vichwa mpaka ukawa laini kama unga. Akaukoroga na samadi kwa kipimo, kama anayeandaa zege. Akajenga kitalu cha matofali chini ya dirisha, pembe zimenyooka vilivyo, akapanda, kisha akawa anamwagia maji asubuhi na jioni, vile zege jipya linavyomwagiwa lisije likapasuka. Makapi yaliyobaki kwenye chekeche aliyarusha kwenye kifusi.

Na kifusi hicho nacho kina habari yake. Kilikuwa mabaki ya jiko la zamani, kimekaa pembeni mwa nyumba tangu binti yao hajaolewa. Mama alikuwa amelalamika mpaka akachoka. Nyumba za watu fundi anazipendezesha, ya kwake mnajionea wenyewe.

Miche ilioza. Mbegu za kitaluni ziliota kwa kishindo, zikatoa majani mapana yanayong'aa, bila ua hata moja. Binti alipokuja kuwasalimia, aliuliza mboga ile ni ya aina gani. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema baba yako kanilimia chakula cha jioni. Pimamaji alicheka shingo upande. Msimu ulikuwa unakwisha, na mkewe bado yuko kitini.

Jikoni alimwambia binti kwamba ameshindwa. Akaona basi angalau amfurahishe mama kwa lile jambo aliloliomba miaka yote. Kesho yake asubuhi alitwaa beleshi akaenda kuondoa kifusi.

Alianzia upande wa jirani. Upande unaotazama dirisha hakuuangalia hata. Kifusi ni kifusi. Lakini mama aliuona. Juzi palikuwa na vijani tu ambavyo hakuvitilia maanani, na sasa jua lilipopiga, palikuwa na buluu. Katikati ya vipande vya matofali na mchanga mkavu, mahali ambapo hakuna aliyechekecha wala kumwagia maji, maua yake yalikuwa yamesimama.

Aliita. Akagonga kioo. Pimamaji, ambaye masikio yake yalikwisha kuharibiwa na mashine za zege, aliendelea kuchota, na kifusi kikaanza kuporomoka.

Alishtuka kuona mkono umeshika mpini wa beleshi lake.

"Weka chini, baba watoto," mkewe alisema, akihema. "Ukichota tena hapo tutagombana."

Pimamaji macho yalimtoka pima. Mkono wa pili wa mkewe ulikuwa kwenye fremu, na fremu bado ina taulo. Alimuuliza nani amemleta. Mama akageuka kuutazama mlango ulioachwa wazi kule nyuma, kana kwamba ndiyo kwanza anauona umbali.

"Hakuna," alisema polepole. "Nimekuja."

Pimamaji alilia, tena bila kujificha. Alimshukuru Mungu, akakishukuru kifusi, akaushukuru hata uvivu wake wa miaka yote. Mama alimwambia anyamaze, majirani watadhani kuna msiba, lakini na yeye machozi yalikuwa yakimtiririka. Fundi alikimbilia ndani kuleta kiti. Mama akakaa mbele ya maua, akachuma moja, akalichomeka kwenye kilemba. Kilemba kilikuwa kimekaa upande kabisa, na Pimamaji hakukigusa.

Mama alipochoka, mumewe alimshika mkono wakarudi taratibu. Mlangoni fundi akakumbuka kiti, akataka kukifuata.

"Kiache huko huko," mama alisema. "Kesho nitakikuta."