Mguu wa Kulia Mbele

Kila asubuhi banda langu la vifaa linapofunguliwa, harufu ndiyo inayonipokea mlangoni: mpira uliolowa maji ya chumvi, petroli, na sabuni ya mche. Wageni huniuliza, sabuni ya kufulia inatafuta nini kwenye skii? Nawaambia ni ya kupaka mguuni, mguu uteleze uingie kwenye kiatu cha mpira kilichofungwa juu ya ubao wa kuteleza majini ukivutwa na boti, bila kuchunika ngozi. Wanacheka, wanapaka. Mimi sicheki. Harufu ile siipendi tangu nina miaka kumi na miwili.

Nikwambieni kwanza mimi ni nani, msije mkadhani ni mlalamishi tu. Shule niliachia darasa la sita. Leo nina boti tano kwenye hori ya Kilifi, ule mkono wa bahari, na mbili Malindi, na kutoka Ngomeni mpaka Mtwapa hakuna anayemchagulia mtu skii ya ubao mmoja kunishinda. Waje wenye vyeti vyao. Mimi namtazama mgeni anavyoshuka garini, imetosha. Mzito nampa ndefu, mwepesi nampa fupi. Anayetaka boti iende taratibu nampa pana, hata awe mwembamba kama ufito, maana ubao mwembamba kwenye mwendo mdogo huzama kama kisu ndani ya samli. Na anayeanza simpi ule mgumu wa mashindano, hata anililie kwa sababu ya rangi yake.

Haya yote nilifundishwa na baba. Hapo ndipo penye uchungu wangu.

Baba alikuwa nahodha wa boti ya tajiri mmoja wa Kihindi, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi Malindi na nyumba ya mapumziko huku Kilifi, juu ya hori. Sisi tulitoka Ganda tukapewa vyumba viwili nyuma ya nyumba ile, karibu na tangi la maji. Tajiri alikuwa na mwana, Shabiri, aliyenizidi mwaka mmoja. Hakuwa mtoto mbaya. Alichoka kuteleza peke yake kila likizo, akamwambia babake, "Athumani naye avutwe." Nikavutwa.

Siku ya kwanza baba alinisimamisha juu ya gati, akanizunguka kama anayekagua mbuzi, kisha akanisukuma mgongoni ghafla. Nilijizuia nisianguke majini kwa mguu wa kushoto. "Basi," akasema, "wewe wa kushoto ndio utakaa mbele. Mwili hausemi uongo." Hivyo ndivyo alivyompima kila mgeni wa nyumba ile, mkubwa kwa mdogo. Shabiri alikuwa wa kulia.

Akanifundisha yaliyobaki. Majini, kunja magoti mpaka kifuani, mikono inyooke, uiache boti ikutoe. Usishindane nayo, itakung'oa mabega. Ukishasimama, kiuno mbele, macho juu. Ukilivuka tuta la maji linaloachwa na boti, lalia ubavu wa ubao, uegemee mbali na boti kama anayevuta ng'ombe mkaidi. Ukilifikia boya, achia mkono mmoja, jinyooshe, geuka. Na boya unalolizunguka usilitazame; tazama lile linalofuata. Maboya yalikuwa sita. Baada ya miaka miwili mimi niliyazunguka yote sita. Shabiri aliishia la nne, na siku akipata la tano nyumba nzima ilikula biriani.

Kisha akaja mwalimu wa skii kutoka Mombasa. Alikuwa akitafuta kijana mmoja tu, mmoja, akakae naye likizo nzima, afundishwe, aingizwe mashindanoni. Shabiri mwenyewe alimwambia kuwa nami naweza. Mwalimu akasema vizuri, wajaribiwe wote wawili kesho.

Ndugu zangu, sikulala. Nilishajiona Mombasa na suruali mpya ya kuogelea.

Asubuhi tajiri alikaa kwenye kiti cha turubai pale gatini na wageni wake wa Malindi, sahani za sambusa mapajani. Shabiri alitangulia. Akapata manne, akapigiwa makofi. Nikachukua skii yangu ile fupi, nikapaka sabuni mguu wa kushoto. Baba akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Leo kulia mbele," akasema.

Nilidhani anatania. "Baba, mimi wa kushoto."

"Leo siku kubwa. Msikitini waingia kwa mguu gani?"

"Wa kulia."

"Na kushoto waingilia wapi?"

"Chooni."

Wageni wa tajiri waliangua kicheko. Mama mmoja akasema, "Nahodha, mwanao anataka kwenda Mombasa kwa mguu wa choo!" Baba hakucheka. "Mguu wa kulia, useme Bismillahi kwa moyo safi. Mungu hamwangushi mtu."

Baba kweli alikuwa mtu wa kulia. Kiatu alianza kulia, mlango alianza kulia. Wala sikuwa mtoto wa kubishana na baba mbele ya watu. Nilipaka sabuni mguu wa kulia, nikasema Bismillahi, nikaingia majini.

Boti aliiendesha sawasawa, hapo simlaumu. Nilisimama kwa shida, ubao ukitetemeka chini yangu kama si wangu. Boya la kwanza nililipata kwa bahati. La pili nilijaribu kulalia ubavu, mwili ukaenda huku, ubao ukaenda kule, maji yakanipiga shavuni kama kofi la mtu mzima. Nilipoibuka nikasikia makofi yale ya kumhurumia mtu. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuzungumza na tajiri.

Shabiri akaenda Mombasa. Mimi mwaka uliofuata niliacha shule, nikaanza kuosha boti za watu.

Miaka mingi nilijua kosa ni langu. Niliamini Bismillahi yangu haikuwa safi. Kwamba nilipoitamka nilikuwa nafikiria ile suruali mpya, na Mungu akaniona. Kila nilipoharibikiwa na jambo nililikumbuka lile.

Mwaka juzi nilikuwa gatini kwangu, nikamsukuma mgongoni mtoto wa mgeni kumpima. Akajizuia kwa kushoto. Mamake, amejitanda buibui, akauliza kama si vyema atangulize kulia. Nikajisikia nikimjibu: "Mama, huu si mlango wa msikiti, huu ni mwili." Maneno yalipotoka tu, nikakaa chini. Baba aliwasukuma mashekhe na wake zao kwenye gati la tajiri, na wote wa kushoto aliwaacha na kushoto yao.

Siku hiyohiyo nilikwenda Muyeye, kule Malindi, kwenye nyumba ya mawe niliyomjengea baba kwa jasho langu. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza bila kuzunguka ule mguu wa kulia ulikuwa wa nini.

Hakukana. "Ungemshinda mwana wa tajiri mbele ya wageni wake," akasema, "usiku ule tungelala wapi? Mamako alikuwa na mimba ya miezi minane."

"Ungeniambia, baba. Ungesema, Athumani, anguka. Ningeanguka mwenyewe."

"Ungefanya?"

"Wallahi ningefanya. Kwa nini umtie Mungu katikati?"

"Kwa sababu kama ningekwambia," akasema, "ungemjua babako ungali mdogo."

Nilimwachia dawa zake na matumizi ya mwezi, nikatoka. Naelewa sasa kwamba alinichagulia nidhani Mungu ndiye aliyeniangusha, kuliko nijue ni yeye. Kuelewa nimeelewa. Kusamehe, bado.