Breki za Gari Yangu, Kutoka Mtambile Mpaka Uwanja wa Mbio wa Tanga

Safari hii ilianzia kwenye simu. Nilikuwa uani nafua, siku yangu ya mapumziko, mdogo wangu Seif akanipigia kutoka Tanga anakoishi. Akaniuliza hali ya mama, ya watoto, ya mikarafuu, mpaka nikajua kuna jambo analizunguka. Mwishowe akalisema. Presio ya macho ilikuwa imelimaliza jicho lake la kulia, na la kushoto lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Daktari alikuwa amemkataza kuendesha, na upasuaji ulikuwa umekaribia.

"Gari nimeshaiuza, dada," akasema. "Lakini nataka niuzunguke tena uwanja wa mbio siku moja tu kabla hawajanigusa jicho. Marafiki wako tayari kunichukua, nimewakatalia. Nataka uniendeshe wewe."

Mimi ni mkunga. Nakaa Mtambile, kazi yangu iko Mkoani, na kila siku napanda na kushuka vile vilima kwa kigari kidogo cha Kijapani ambacho wenzangu wa zamu wanakiita teksi ya wodi. Sikuwa nimewahi kukiingiza kwenye uwanja wa mbio. Lakini aliyenifundisha kuendesha ni Seif. Nilikuwa mama wa watoto wawili, na wanawake tulioshika usukani hapa kijijini tulikuwa wa kuhesabika. Yeye, mdogo wangu, alikaa pembeni yangu jioni baada ya jioni kwenye uwanja wa mpira, asinipigie kelele hata nilipoingia na gari golini nikazivaa nyavu. Ningemkatalia vipi?

"Pedi za breki zikoje?" akaniuliza kabla ya kukata simu. "Uwanja unakula breki. Breki za mwezi mzima wa kwenda kazini, kule unazimaliza kwa asubuhi moja."

Nikaenda kwa fundi wangu Mkoani nikaweka pedi mpya magurudumu ya mbele. Nikaziendesha kwenda na kurudi kazini mpaka zikakaa vizuri kwenye diski, kama Seif alivyoniagiza. Nikajiona nimemaliza.

Siku ya kuondoka, mama yetu, Bi Maryamu, alinipakilia mikate ya mofa na matunda mawili makubwa ya doriani ndani ya gunia.

"Mama, harufu!"

"Ntoto kaniomba doriani," akasema. "Kama macho yamechoka, pua yake nzima." Kisha akashika mlango wa gari, asiuachie. "Raya, mwanangu, nenda naye taratibu. Hiyo mbio si nchezo."

Nikamwahidi. Mume wangu Othman alibaki na watoto, akanisindikiza kwa dua na chupa ya chai.

Bandarini Mkoani niliingiza gari kwenye meli ya mizigo inayokwenda Tanga. Baharia aliyekuwa akinipanga alisukuma pua yake ndani ya dirisha, akarudi nyuma haraka. "Dada, umebeba maiti?" Nikamwonyesha gunia. Akacheka, akaniomba kipande, na tangu hapo hadi tunashuka kila mtu kwenye ile meli alijua gari ya doriani ni ya nani. Bahari ilikuwa shwari. Nililala kidogo kwenye benchi, nikasoma kidogo, nikawaza sana. Nilikuwa naogopa kumwona Seif kuliko nilivyouogopa uwanja.

Tanga tulifika alasiri. Karatasi za kuingiza gari bara zilichukua muda, lakini afisa alikuwa mpole, akanihudumia mbele ya malori. Nje ya geti alisimama Seif na mkewe, wifi yangu Mwanaidi. Niliwaona kabla hawajaniona, na nikaelewa kila kitu: Mwanaidi alikuwa amemshika mkono kwa namna ya mtu anayejifanya hamshiki. Nilipomsalimia Seif aligeuza uso mzima, kama anayetafuta sauti imetoka wapi, kisha akatabasamu.

"Doriani nimeinusa toka kwenye meli," akasema.

Nyumbani kwao nilipokewa kama bibi harusi. Mwanaidi alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akanitandikia kitanda chao wenyewe. Lakini tulipokuwa tunaosha vyombo aliniambia ukweli wake. "Wifi, mimi jambo hili silipendi. Nimeshazoea kuogopa macho yake. Sasa niogope na mbio?" Nilimwambia tu kwamba nami naogopa. Akanitazama, akaniongezea chai.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda wote watatu, njia ya Pangani. Uwanja wenyewe ni barabara ya lami iliyojizungusha ndani ya shamba la mkonge lililoachwa, na mwenye shamba huwafungulia watu wa magari ya kawaida kwa siku maalumu. Kulikuwa na teksi, pikapu, gari la mwalimu lenye viti vya watoto nyuma. Msimamizi aliitwa Bwana Kimweri, Msambaa mrefu mwenye filimbi shingoni. Alifungua gurudumu la mbele, akatazama pedi, akaridhika. Akakaza nati zote. Akatazama kichupa cha mafuta ya breki kwa nje, akaona yamejaa. Kofia ngumu ya kuendeshea uwanjani haikukaa juu ya mtandio wangu, basi Mwanaidi akanivulia kijikofia chake cha ndani ya hijabu, tukajificha nyuma ya gari nikabadilisha.

"Mzunguko wa kwanza pole pole, kuzipasha breki moto," Bwana Kimweri akatuambia. "Na wa mwisho pole pole, kuzipoza. Mkirudi hapa msivute handibreki. Chuma cha moto kikibanwa kinapinda. Wekeni gia na jiwe chini ya tairi."

Kisha tukaingia.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Sikutegemea. Kuna mnyoofu mrefu wa barabara kati ya mikonge, halafu kona kali ya kushoto, halafu vijikona vitatu kama nyoka. Seif alikaa na mikono juu ya magoti. Baada ya muda akaanza kusema.

"Unaburuza breki, dada. Unakanyaga kidogo kidogo kutoka mbali, kama unashuka kilima cha Mkoani. Hapo unazichoma. Ngoja, kanyaga kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha achia zipate hewa."

Nikafanya hivyo. Gari ikatii. Tukapumzika, tukarudi tena, kila mara nikawa mwepesi zaidi, na Seif alikuwa anacheka kile kicheko chake cha utotoni ambacho nilidhani kimezikwa.

Mara harufu kali ikaingia ndani. Nikasema, "Mabaki ya doriani hayo, jua limeyapata."

Seif akaacha kucheka. "Hiyo si doriani, dada. Hiyo ni breki. Punguza."

Lakini tulikuwa tumeshafika mwisho wa mnyoofu. Nikakanyaga. Pedali ikazama. Haikukwama mahali popote, ilikwenda chini laini kama mguu unaoingia kwenye tope, na gari ikaendelea kwenda. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Haishiki! Seif, haishiki!"

"Pampu," akasema, kwa sauti ile ile ya uwanja wa mpira. "Kanyaga, achia, kanyaga. Shusha gia. Shusha tena. Usukani unyooshe, usiikate kona."

Nikapampu. Nikashusha gia, injini ikalia. Pedali ikapata nguvu kidogo, kama mtu anayeamka. Tukaipita kona moja kwa moja, tukaingia kwenye mchanga uliomwagwa pale kwa ajili ya watu kama sisi, vumbi likatufunika, na gari ikasimama mbele ya mkonge ambao ningeweza kuugusa kwa mkono.

Seif alinitafuta bega kwa kupapasa, akauweka mkono wake pale. "Umefanya vizuri," akasema. "Umefanya vizuri sana." Na mimi nikalia, mkunga mzima ninayewaambia wanawake wengine wavute pumzi.

Mwanaidi alikuja mbio akikatisha mikonge, viatu mkononi. Alimshika mumewe uso, akanishika mimi uso, kisha akakaa chini kwenye mchanga.

Chini ya kivuli cha turubai tuliiacha gari ipoe. Bwana Kimweri alifungua kichupa sasa, akachovya kijiti cheupe, kikatoka cheusi kama kahawa. "Mafuta haya yamekaa miaka," akasema. "Yanavuta maji kutoka hewani. Barabarani hujui. Uwanjani breki zikipata moto, yale maji yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke haubani kitu. Nilitazama kiasi, sikutazama rangi. Nisamehe, mama."

"Mimi nilimuuliza pedi," Seif akasema. "Mafuta sikumuuliza."

Bwana Kimweri alitupa kopo jipya kutoka kwenye gari lake mwenyewe, na hakutaka kusikia habari ya kulilipa. Akaitwa kwingine. Tukabaki na spana, kimrija cha plastiki, chupa tupu ya maji, na sisi watatu.

Kubadilisha mafuta ya breki kunataka mtu wa kukanyaga pedali, mtu wa kufungua kijinati nyuma ya gurudumu ili mafuta machafu na hewa vitoke, na mtu wa kuongeza mapya juu yasiishe. Seif alilala chini, akapapasa mpaka akakipata kile kijinati. Mimi nikashika kopo. Tukamtazama Mwanaidi.

"Mimi?" akasema. "Sijawahi hata kukaa upande huo."

"Kaa, mke wangu," Seif akamjibu kutoka chini ya gari. "Nikikwambia kanyaga, kanyaga. Nikikwambia shikilia, usiachie hata nyoka akipita."

Akakaa. Alikusanya baibui lake, akaweka mguu kama anayeukanyaga moto. "Kanyaga. Shikilia." Mafuta meusi yakapita kwenye mrija na mapovu yake. "Achia." Tukaanza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi, tukamalizia la mbele karibu na dereva. Walivyoendelea, sauti zao zilishuka, zikawa kama za watu wanaozungumza kitandani. Kufika gurudumu la mwisho Seif hakuwa anasema tena "kanyaga". Alikuwa anagonga chuma kwa spana, na Mwanaidi anajibu kwa mguu. Mafuta yakatoka safi, rangi ya asali changa. Pedali ikawa ngumu juu.

"Imenisukuma!" Mwanaidi akasema, macho yamemtoka. "Nimeisikia inanisukuma mguu!"

Tulikagua pedi pia. Za ndani zilikuwa zimelika kuliko za nje, na uso wake umeng'aa kwa moto, lakini Bwana Kimweri alirudi, akazisugua kwa msasa akasema zitanifikisha Pemba salama, ila nisizitegemee baada ya hapo.

Jioni ilipokaribia, uwanja ulikuwa karibu kufungwa. Seif hakuniomba. Mwanaidi ndiye aliyesema. "Mpeleke tena, wifi. Mzunguko mmoja wa mwisho. Asimalizie mchangani."

Tukaingia peke yetu. Kwenye mnyoofu Seif alifumba macho yote mawili, akaweka kiganja kwenye mlango. Nilishangaa anafanya nini, kisha akasema, "Sasa," na nikakanyaga, na palikuwa ndipo hasa. Kona iliyofuata akasema "sasa" tena. Niliacha kutafuta alama zangu. Nilimwachia yeye. Mzunguko mzima aliendesha yeye kwa miguu yangu, na breki zilishika kila alipoziita. Mzunguko wa kupoza tuliufanya madirisha yakiwa wazi. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta.

Kurudi Pemba nilipanda meli ile ile, gunia safari hii limejaa machungwa ya Muheza. Nilishuka Mkoani mchana na kupandisha vilima kwenda nyumbani, na kwenye kila mteremko nikawa nashusha gia niipumzishe breki, jambo ambalo kwa miaka yote nilikuwa silifanyi. Wiki ile ile nikaweka pedi nyingine. Sasa mafuta nayabadilisha kabla hayajawa kahawa, na wenzangu wa zamu wananicheka ninavyoinama kunusa magurudumu tukifika wodini.

Kama kuna ndugu anayetaka kuipeleka uwanjani gari anayoendea kazini, naweza kumwambia aende, lakini atazame na mafuta, asitazame pedi peke yake. Na asiende na mtu ambaye akiogopa atapiga kelele. Mengine niliyoyapata Tanga siwezi kuyapima kwa spana. Namshukuru Bwana Kimweri kwa kopo lake, namshukuru aliyemwaga mchanga pale kwenye kona bila kutujua. Namshukuru Mungu kwa ile pedali iliyoamka.

Upasuaji ulikwenda salama. Jicho la kushoto halikuongezeka kuona, lakini halikupungua tena, na daktari amesema hilo ndilo walilolitaka. Juzi, nikitoka kuzalisha, nilikuta Mwanaidi amenipigia simu. Nilimpigia nikiwa nimeegemea ukuta wa wodi, nimechoka.

"Wifi," akasema, na nyuma yake nilisikia injini inanguruma na mtu anacheka. "Nimepata leseni. Hapa niko kwenye gari la jirani, Seif yuko pembeni yangu. Ananiambia naburuza breki!"

"Na kweli unaburuza?"

"Naburuza," akasema. "Lakini nimemfikisha sokoni."