Jiwe Langu, Moto wa Jirani

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mwanamke mponda kokoto alipogonga geti langu akaniomba nisogeze gari. Dakika naikumbuka kwa sababu nilitazama saa, na nilitazama saa ili aone kwamba amenikatiza chai.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Leo tunachoma jiwe ili lipasuke. Naomba usogeze gali kidogo, hata hatua kumi tu."

Alisema "gali", kama tunavyosema wengi huku tukiwa na haraka. Mkononi alikuwa na nyundo ya mpini mfupi na tindo mbili zilizofungwa pamoja kwa kamba ya mpira.

"Nani anachoma?"

"Jirani yako ndiye kanipa kazi."

"Upande gani?"

"Upande wake, baba. Ila jiwe lenyewe ni moja."

"Gari liko kwangu," nikamwambia. "Haliko njiani, wala haliko kwake. Yeye achome upande wake, mimi nitaegesha upande wangu."

Alinitazama kidogo, akasema sawa baba, akaondoka. Nilirudi kwenye chai yangu nikiwa na furaha ya mtu aliyetunga sentensi nzuri.

Sasa nieleze hilo jiwe. Kwenye kilima chetu nyumba zimejengwa palipobaki baada ya mawe kukaa. Kati ya kiwanja changu na cha jirani lipo jiwe lenye ukubwa wa lori, na kwa miaka minne tulikuwa tumeligombania. Asiyeishi Mwanza anaweza kucheka. Lakini jiwe ni msingi wa nyumba, ni kokoto, ni ukuta wa kuzuia udongo. Mwenye jiwe kubwa ana stoo ya vifaa vya ujenzi uwanjani kwake. Mimi nimetunza stoo ya kiwanda cha samaki Nyakato kwa miaka kumi na tisa, najua maana ya kuacha mali bila kuandikwa. Nilipima jiwe kwa futi na uzi, nikachora ramani, nikaipeleka ofisi ya mtaa pamoja na nakala tatu. Wakaamua kwamba theluthi mbili ni zangu na theluthi moja ni ya jirani. Jioni ile ile nilipanda juu ya jiwe na kopo la rangi nyekundu, nikachora mstari. Niliupaka rangi mara mbili ili usifutike na mvua.

Jirani naye ni mtu wa biashara ya mbao, mkarimu kwa maneno. Mwaka huu alianza kujenga vyumba vitatu vya kupangisha, na vibarua wake wakaanza kukata njia kupitia kwangu na ndoo zao za mchanga. Sikugombana nao. Nilianza tu kuegesha gari kila siku chini kabisa ya lile jiwe, mahali ambapo mtu mwenye ndoo asingeweza kupita. Mimi nilisema huko ni kuegesha. Mke wangu alisema ni kuzuia watu wenye ndoo kwa kitu cha shilingi milioni nane.

Saa tano kasorobo nilisikia kishindo kama cha kontena linalodondoshwa bandarini. Nilitoka. Moshi wa matairi ulikuwa bado umetanda juu ya jiwe, na mvuke ukipanda pale walipomwaga maji. Moto uliwashwa kwenye theluthi ya jirani, hilo sikatai, nilikagua majivu. Lakini ufa haukuwa umesoma uamuzi wa mtaa. Ulipita chini ya mstari wangu mwekundu na kumenya pande la upana wa meza ya kulia chakula kutoka kwenye theluthi zangu mbili. Pande hilo liliteleza likakaa ndani ya buti la gari langu, limetulia, kama mzigo uliopakiwa na mtu mwenye haraka.

Mponda kokoto alikuwa amesimama pembeni, mikono kichwani. Hakuumia mtu.

Jirani alifika mbio akiwa na malapa. "Pole jirani! Pole sana! Dah, pole mno!"

Nilihesabu, maana ndivyo nilivyo: hadi saa sita alikuwa amenipa pole kumi na moja, na samahani hata moja. Hapo ndipo nilipoelewa ustadi wake wa lugha. Pole anapewa mfiwa, mgonjwa, aliyejikwaa, na aliyetoka safari. Inatolewa na mtu yeyote apitaye, na haimgharimu chochote. Samahani ina mwenyewe. Mtu anaweza kukaa mjini miaka hamsini akigonga, akimwaga na akivunja vitu vya wenzake, na kama anajua tofauti ya maneno hayo mawili hatalipa hata sumni.

Kisha akasogea karibu, akachungulia buti, akagusa pande kwa kidole.

"Ila jirani, hebu tazama. Rangi yako hii hapa pembeni. Kipande hiki kimetoka kwako."

"Moto ulikuwa wako."

"Moto ndiyo. Lakini jiwe je? Kwa kweli tumekurudishia mali yako."

Vibarua walicheka hadi mmoja akakaa chini. Ningekuwa upande wa pili ningecheka pia. Utani ulikuwa umepigwa vizuri.

Ndani mke wangu alikuwa dirishani tangu mwanzo. Niliposogea aliniuliza kwa upole uliozidi kiasi, "Si ulisema gari liko kwenye haki yake?"

"Ndiyo, liko."

"Basi limekufa likiwa kwenye haki yake. Si haba."

Nikampigia wakala wa bima. Gari langu lina bima ndogo, ile ambayo wenye magari wengi hukata ili kumridhisha askari wa barabarani, halafu tunashangaa ikiwaridhisha askari tu.

"Mzee, bima yako inalipa ukimgonga mtu," alisema. "Wewe umemgonga nani?"

"Nimegongwa."

"Na gari namba ngapi?"

"Na jiwe."

Nikasikia anamwita mwenzake aje asikilize.

Jumatatu fundi wa Nyakato alizunguka gari mara mbili, akanyonya meno, akaandika: kioo cha nyuma laki mbili na themanini, mlango wa buti wa mtumba laki tatu na nusu, taa tisini elfu, kunyoosha bodi na rangi laki mbili na nusu. Laki tisa na sabini elfu. Nilimwomba aandike kwa wino, si kwa penseli.

Siku hiyo hiyo nikapeleka malalamiko ofisi ya mtaa, na usiku wa kuamkia kikao sikulala, nilikuwa najiandaa. Shule niliishia darasa la saba, lakini nina kitabu cha sheria za madai nilichonunua kwenye vitabu vya mitumba, na nimekisoma mara mbili na kamusi pembeni. Kiwandani wananiita mwanasheria, na hawamaanishi sifa. Niliandika kurasa nne kuhusu uzembe. Nilieleza wajibu wa mwenye moto na wajibu wa mwenye mkono uliofanya kazi. Kuhusu mwenye gari niliandika mstari mmoja: kwamba gari lilikuwa limeegeshwa kihalali. Kuhusu saa tatu na dakika kumi sikuandika kitu. Nilijiambia kwamba hoja hiyo ni ya ziada.

Kikao kilikuwa Jumanne saa nne, ofisi ya mtaa, mwenyekiti mezani, karani pembeni yake na daftari. Mponda kokoto alikuwa amefika kabla yetu na ameketi kwenye benchi la mlangoni. Nyundo yake na tindo zake mbili zilikuwa chini ya meza ya mwenyekiti, karibu na viatu vyake. Nilidhani ameziweka hapo kwa heshima.

"Ni dhamana," mwenyekiti alinieleza. "Zitakaa hapa mpaka jambo liishe. Watu hawa wakishaondoka na vifaa hutawaona tena."

"Watu gani?" mama yule aliuliza.

"Nasema kwa ujumla, mama."

Nikasoma kurasa zangu. Nilipofika ukurasa wa pili mwenyekiti aliomba nifupishe. Jirani aliposimama alifupisha bila kuombwa: alisema yeye ni mtu wa amani, yeye alinunua matairi tu na kiberiti, kazi yenyewe alimpa mtaalamu, na mtaalamu ndiye huyo hapo. Hata hivyo, kwa ujirani mwema, siyo kwa kosa, alikuwa tayari kutoa laki mbili.

Mwenyekiti alifurahi. Nami, niseme ukweli, nilifurahi. Kisha nikaona jinsi deni linavyotembea chumbani. Jirani alilisukuma kwa adabu, mwenyekiti akalipokea kwa adabu, mimi nikaliacha lipite kwa adabu, na hakuna aliyepandisha sauti mpaka lilipofika kwenye benchi la mlangoni. Iliamuliwa kwamba jirani atatoa laki mbili, mponda kokoto laki tatu kwa sababu mkono ulikuwa wake, nami nitamalizia iliyobaki kwa sababu mwenye gari ana uwezo. Karani akaanza kuandika.

Kazi nzima ya jiwe lile, mama yule alikuwa ameahidiwa elfu sabini. Alikuwa amelipwa ishirini.

"Nitalipa kidogo kidogo," alisema. "Lakini nyundo nipeni. Bila nyundo nitalipa na nini?"

"Mama, dhamana ni dhamana."

"Nyundo hiyo ndiyo inawalisha wanangu, mwenyekiti."

Mwenyekiti, pengine ili amalize kwa somo, akamgeukia. "Wewe ni mzoefu wa mawe. Hukujua kwamba pande linaweza kuteleza? Hata kumwonya mwenye gari ulishindwa?"

"Nilimwambia."

Kalamu ya karani ikasimama. Mwenyekiti akanitazama kwa uso wa mtu ambaye tayari ameshafunga daftari kichwani.

"Baba, alikwambia?"

Nimetunza stoo miaka kumi na tisa. Najua kabisa tofauti ya ndiyo na hapana. Kazi yangu yote ni hiyo, kipo au hakipo. Nikajibu, "Aliniambia kwa namna ya jumla."

"Namna ya jumla ni ipi?"

"Alizungumzia suala la kuchoma mawe."

Mama yule hakupandisha sauti. Aliinama mbele kidogo, akanieleza mimi, siyo mwenyekiti, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mahali alipoweka funguo.

"Baba, nilisema sogeza gali hatua kumi. Ukasema gali liko kwako."

Nilitazama kurasa zangu nne. Zilikuwa zimeandikwa vizuri, zina pambizo. Nilitazama pia chini ya meza, ambako kiatu cha mwenyekiti kilikuwa kimekanyaga kamba ya mpira ya zile tindo. Sitaki kusema kwamba nilishindana sana na nafsi. Nilichofikiri hasa ni kwamba mwanamke huyu atanikuta kisimani, dukani na kanisani, na kila mara atanipa shikamoo, nami itanibidi niitikie.

"Ndiyo," nikasema. "Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Alinionya vizuri, na mimi nikakataa."

"Kwa nini ukakataa?" mwenyekiti aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliuliza jambo alilotaka kujua.

"Gari lilikuwa linalinda mpaka."

Jirani alipiga makofi, akageuka kutazama ukuta, mabega yakimcheza. Alipopata pumzi alisimama. "Mwenyekiti, naomba niondoe zile laki mbili zangu. Kumbe gari lilikuwa ukuta! Mimi niliahidi kusaidia gari."

"Moto bado ulikuwa wako," nikamwambia.

"Pole jirani," akasema. Hiyo ilikuwa ya kumi na mbili.

Nilianza kufungua kitabu kwenye ukurasa unaoeleza kwamba mwenye moto habaki mtu safi kwa sababu tu mwenye gari ni mjinga. Ukurasa upo, na bado naamini niko sahihi. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshachoka na sheria, karani alikuwa anakata mistari aliyoiandika, na jirani alikuwa mlangoni akivaa kofia. Niliulizwa kama nataka kwenda baraza la kata. Nilipiga hesabu ya nauli, nakala, na Jumanne nyingine sita za namna ile. Nikasema hapana.

"Basi mama hadaiwi," nikasema. "Naomba iandikwe."

Iliandikwa. Niliomba pia nyundo itolewe kabla hatujatoka, si baadaye. Mwenyekiti aliisukuma kwa mguu. Mama aliiokota, akafuta vumbi la kiatu kwenye mpini kwa khanga yake, akahesabu tindo, akaondoka bila kuniaga. Sikuona sababu ya yeye kuniaga. Mlangoni karani akanidai ada ya kikao, elfu kumi, mlalamikaji ndiye hulipa.

Alhamisi mponda kokoto alikuja getini. Pande bado lilikuwa limelala pale lilipoteremshwa kutoka kwenye buti.

"Hili utalifanya nini, baba?"

"Lichukue. Ponda, uza, ni lako."

"La bure sitaki. Kesho mtasema nimeiba." Aliligonga mara moja kwa nyundo, akasikiliza. "Tugawane nusu kwa nusu."

Alilimaliza kwa siku mbili. Zilitoka ndoo ishirini na nne, nzuri, zenye kingo kali, na mnunuzi alipatikana papo hapo kwa shilingi elfu moja na mia tano kwa ndoo, kwa sababu vyumba vitatu ng'ambo ya mstari vilikuwa vinasubiri jamvi la zege. Jirani alilipa taslimu, akalalamika kwamba kokoto zimepanda bei, na hakuuliza zimetoka wapi. Mama aliniletea elfu kumi na nane zangu, noti zimekunjwa ndani ya karatasi.

Fundi alichukua laki tisa na sabini elfu. Ukiongeza ada ya kikao na kutoa hizo za kokoto, nilipoteza shilingi laki tisa na sitini na mbili elfu.