Buluu Iko Wapi?

Shangazi yangu, dada yake baba, aliingia uwanja wa ndege wa wilaya yetu na ufagio. Nasema uwanja, lakini ni barabara moja ya lami katikati ya nyasi, chumba kimoja chenye mizani ya mizigo, na tangi la mafuta lililozungushiwa waya. Hutua ndege mbili tatu kwa siku, zote ndogo. Siku nyingine haitui hata moja.

Alifagia miaka sita. Mzee wa mafuta alipoanza kusumbuliwa na mgongo, shangazi akawa anamburutia mpira wa kujazia mafuta, kisha anamshikia ngazi, mwisho akaijua kazi yote. Mzee alipostaafu, meneja hakuhangaika kutafuta mtu mwingine. Wenzake wakambandika jina la Bi Petroli. Nyumbani tulimtania kwamba hata chai yake inanukia ndege.

Asubuhi moja, baada ya mvua za mfululizo, rubani kijana alifika kuirusha ndege iliyokuwa imelala pale nje siku nne. Abiria wake walikuwa mke na mume waliokuwa wakiwahi mahafali ya binti yao. Mawingu yalianza kujikusanya upya, na rubani alikuwa mbiombio. Alichota mafuta kidogo chini ya bawa kwa kikombe cha kupimia, akakiinua kwenye mwanga.

"Safi kabisa. Hakuna hata tone la maji chini."

Shangazi alikuwa ameinama akitoa kabari za magurudumu. Akainuka. "Safi mno, mwanangu. Buluu iko wapi?"

Petroli ya ndege zile hutiwa rangi ya buluu hafifu, na maji hutuama chini yake. Lakini kikombe kikijaa maji matupu, hakuna mstari wa kuonyesha chochote. Mwenye haraka huona usafi tu.

"Mama, rubani hapa ni mimi."

"Najua. Hebu nusa."

Rubani alinusa kikombe. Hakikuwa na harufu yoyote. Aliketi palepale kwenye lami, kofia mkononi.

Walichota vikombe kumi na viwili kabla buluu haijaonekana. Kumbe mpira wa kifuniko cha tangi, juu ya bawa, ulikuwa umepasuka, mvua ikaingia ilivyotaka.

"Mama, unatuchelewesha!" yule mume alifoka.

"Samahani, ndugu yangu. Kwa hii, hamruki."

Fundi alikuja kwa pikipiki, akamwaga mafuta yote, akabadilisha mpira. Waliondoka alasiri, mahafali yamekwisha. Nasikia yule bwana hajamsamehe shangazi mpaka leo.

Jioni nilimkuta jikoni, ameshika sufuria tupu, moto hajawasha.

"Leo niliogopa kusema," aliniambia. "Kijana ana vyeti, mimi nina nini? Nikawaza, nikikosea hapa, nitachekwa mpaka nizeeke."

"Na usingesema?"

Aliiweka sufuria chini, akajifuta macho kwa upande wa kanga.

Mwezi uliofuata rubani yule alirudi na wanafunzi watatu wa urubani. "Mwalimu wenu wa leo ni huyu," akawaambia, kisha akasimama nyuma yao, mikono mgongoni, kama mwanafunzi wa nne.

Shangazi aliwapanga kando ya tangi, akampa kila mmoja kikombe. Msichana mmoja, kwa adabu, alikuwa akimtazama usoni muda wote.

"Binti," shangazi akamkemea, "mimi sirushwi! Tazama mafuta."