Bi Klorini na Chanjo ya Mbegu

Kwa miaka thelathini na mmoja alideki wodi za hospitali, na hakuna kijidudu kilichowahi kumpiga chenga. Manesi walimwita Bi Klorini, wagonjwa wakadaka jina, mwishowe hata mawifi wakasahau alilopewa na babake. Klorini ilimla vidole hadi alama zikafutika. Siku ya kustaafu mashine ya ofisini ya kusoma alama za vidole ilikataa katakata kumtambua, akacheka hadi akashika mbavu: "Jamani, nimesafisha mpaka nimejifuta mwenyewe!"

Alihamia kwa mdogo wake, mjane aliyebaki na ekari moja na subira iliyofika ukingoni. Tuseme ukweli, shamba lilikuwa hoi. Kila walichopanda kilinyauka kikingali kifupi. Mfyatua matofali wa jirani alikuwa amekwisha kulimezea mate, maana udongo ule ulimfaa sana kwa kuchoma.

"Dada, huu ndio msimu wa mwisho," mdogo mtu alisema wakiwa wanaosha vyombo. "Soya ikigoma, namwachia huyu bwana achimbe. Mimi nitaenda kukaa kwa binti yangu mjini."

Bi Klorini aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Kwa binti mjini palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, tena kwa kujibana. Yeye alikuja na sanduku na ndoo mbili, na chumba kile cha nyuma ndicho peke yake alichoweza kukiita kwake. Shamba likienda, naye ameenda.

Ndipo bwana shamba alipofika na pakiti yenye unga mweusi kama masizi.

"Hii ni chanjo ya mbegu," alieleza. "Humu mna bakteria walio hai. Wakishaingia kwenye mizizi ya soya, wanachukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Lowesheni mbegu kwa maji yenye sukari kidogo, mchanganye unga huu kivulini, mpande leo leo. Jua kali linawaua."

"Bakteria?" Bi Klorini aliuliza, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka chini ya kitanda.

"Hawa ni wazuri, mama."

"Miaka yote nimewaua, mwanangu, sijakutana na mzuri hata mmoja."

Walicheka. Lakini neno chanjo lilimtuliza. Chanjo alikuwa anaijua. Wodi ya surua aliianza kuideki watoto wakilala wawili wawili kitandani, akaiacha imegeuzwa stoo ya magodoro. Alikuwa akipita pale na kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Na katika mambo ya chanjo alijua sheria moja isiyo na mjadala: huchanji kwa chombo kichafu.

Basi bwana shamba alipoondoka, akalisugua beseni lake kwa klorini. Kisha, kwa usalama zaidi, akatia kifuniko kimoja kwenye maji yake ya sukari. Hakumwambia mtu, maana nani hutangaza kwamba amenawa mikono? Mdogo wake alichanganya mbegu zake kwenye karai ambalo hata kuku angelitazama mara mbili. Wakapanda, dada nusu ya juu, mdogo nusu ya chini.

Wiki ya sita shamba lilikuwa na mstari katikati kama lililopimwa kwa kamba. Chini kijani kibichi, juu manjano.

Bwana shamba aling'oa mche mmoja kila upande. Mizizi ya mche wa chini ilikuwa na vinundu tele. Akakipasua kimoja kwa ukucha, ndani pekundu kama ufizi, dalili kwamba bakteria wako kazini. Mizizi ya mche wa juu ilikuwa mitupu.

"Mama, mbegu zako uliziandaaje?"

"Kwa usafi! Beseni nililiosha, na maji nikayatia klorini kifuniko kimoja tu."

Bwana shamba alijikuna sikio. "Basi uliwamaliza wote kabla hawajafika shambani, mama yangu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Bi Klorini aliingia chumbani, akalitoa sanduku mvunguni, akaanza kukunja kanga zake. Aliona ni kama yeye mwenyewe ameshika jembe la mfyatua matofali na kuanza kumchimbia udongo.

Na huyo bwana hakuchelewa. Kesho yake asubuhi alisimama upande wa juu, akatabasamu. "Naona udongo umesema wenyewe."

"Umesema, ndiyo. Njoo usikie vizuri," mdogo mtu alimjibu, akamvuta hadi kwenye mstari. "Mvua ni ile ile. Mbegu ni zile zile. Chini chanjo imeingia, juu haikuingia. Lingekuwa lote kijani, ningesema ni mvua tu, na msimu mbaya ukija ningekata tamaa nikauza. Sasa nimeona kwa macho yangu. Udongo huu haujafa, ulikuwa na njaa. Siuzi, na usirudi kuuliza."

Mfyatua matofali aliondoka ameinamisha kichwa. Bi Klorini alikuwa mlangoni, kanga mkononi.

"Usinifunikie kosa, mdogo wangu. Mimi nilikosea."

"Ulikosea sana, dada. Na kosa lako limenibakishia shamba, nami nakushukuru. Sasa rudisha hizo kanga kabatini, mwakani tunachanja lote. Klorini nitaificha mimi."

Hapo Bi Klorini alilia waziwazi, bila hata kujifuta. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mdogo wake, akamshukuru bwana shamba. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akawashukuru bakteria.